Judas Priest: Venye Wazee wa Hevi Metali Walitupa Mbwembwe Wakarudia Chuma

Kama umewahi kupita Kamukunji mchana, pale mafundi wa jua kali wanagonga mabati kutoa masanduku na majiko, unajua venye hiyo kelele hukuingia hadi kwa meno. Sasa chukua hiyo kelele, igawie gitaa mbili, ichape na dramu, halafu weka juu yake msee anapiga mayowe kama king'ora cha ambulensi. Hiyo ndiyo Judas Priest. Na huo mfano wa chuma sijautoa hewani. Rob Halford, mwimbaji wao, amesimulia mara nyingi venye alikulia Walsall, karibu na Birmingham huko Uingereza, kwa viwanda vya vyuma, na venye madawati ya shule yalikuwa yanatetemeka nyundo zikigonga huko nje.

Stori yenye tunakuletea leo ni ya venye hawa wazee walijipoteza mwaka wa 2008 kwa mbwembwe mob, halafu wakarudi 2018 na albamu inaitwa Firepower, kavu, haraka, bila porojo. Walirudi wakati mmoja wao alikuwa anapoteza mikono yake polepole, na karibu mtu yeyote wa nje hakuwa anajua.

Kama huwajui, tulia tukupange. Bendi ilianza 1969 maeneo ya Birmingham na West Bromwich, jina wakalitoa kwa ngoma moja ya Bob Dylan. Halford aliingia 1973, Glenn Tipton wa gitaa akaingia 1974, akapata K.K. Downing wa gitaa na Ian Hill wa besi wako tayari. Wapiga dramu walikuwa wanabadilishwa kama makanga. Hiyo luku ya jaketi nyeusi za ngozi na misumari ya chuma, ndio hao waliisambaza kuanzia mwisho wa miaka ya 70. Ilifika mbali. Botswana kuna mashabiki wa metali wanatembea na ngozi kutoka kichwa hadi miguu, kofia za kauboi juu, na jua la huko si mchezo.

Sasa, nikisema sauti "ya moja kwa moja" namaanisha nini? Skiza British Steel ya 1980. Toleo la kwanza la Uingereza lina ngoma 9, dakika kama 36 hivi, kwisha. Ngoma inaingia bila kubisha hodi: kuna rifu, yaani kale kakipande kafupi ka gitaa kanarudiwa hadi unajipata unakaimba na mdomo hata kama hujui neno moja la wimbo. Inafuata vesi, korasi, solo fupi, korasi tena, na mlango unafungwa. Besi ya Ian Hill haijaribu kujionyesha, inakaa chini ya gitaa kama msingi wa nyumba. Prodyuza alikuwa Tom Allom, na walirekodi kwa jumba la Tittenhurst Park, lile John Lennon alikuwa anaishi kabla limwendee Ringo Starr. Enzi hizo hakukuwa na kompyuta ya kutoa sauti za vioo na vyuma, kwa hivyo walipasua chupa za maziwa kupata mlio wa kioo kwa "Breaking the Law", na wakatikisa trei za visu na uma za jikoni kupata mlio wa vyuma kwa "Metal Gods". Wakati huo huo wafanyakazi wa viwanda vya chuma Uingereza walikuwa kwa mgomo mkubwa. Jina la albamu halikuwa pambo tu.

Ukielewa hiyo albamu, umeelewa nyumbani kwao ni wapi. Shida ni kwamba hawa wasee hupenda kusafiri.

Mwaka wa 1986 walitoa Turbo, gitaa zimeunganishwa na sinthesaiza, nywele zimefanyiwa kazi saluni, kila kitu kinang'aa. Iliuza fiti Marekani, lakini mashabiki wengi wa kitambo walinuna. Ndio kisa 1989 walivuta Scott Travis, Mmarekani mwenye miguu miwili ya kichaa kwa dramu, na 1990 wakatoa Painkiller. Kama hujawahi kuskia ngoma ya kwanza ya hiyo albamu, ile dramu ya kufungua pekee inatosha kukuamsha ukiwa umelala kwa mat ya usiku. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Priest kurudi nyumbani baada ya kuzurura, na kuna vijana wengi wa metali ya kasi ambao hadi leo wanaihesabu kama kitabu cha sheria. Kumbuka hilo tukienda mbele.

Halford aliondoka 1992. Nafasi yake ilichukuliwa 1996 na Tim "Ripper" Owens, Mmarekani mwenye alikuwa akiimba kwa bendi ya kuiga ngoma za Priest. Albamu mbili, basi. Halford akarudi 2003, na 2005 wakatoa Angel of Retribution, ambayo ni poa, isipokuwa mwishoni kuna ngoma ya dakika zaidi ya 13 kuhusu dubwana la ziwani huko Scotland. Hapo tungejua kuna kitu kinakuja.

Kilichokuja ni Nostradamus, 2008. Diski mbili. Zaidi ya dakika 100. Hadithi nzima ya yule mtabiri wa Ufaransa wa karne ya 16, ikiwa na vinanda vya Don Airey, sauti za okestra, utangulizi wa utangulizi, na vipande vifupi vya kuunganisha kipande na kipande. Nitasema ukweli wangu: nimeiskiza yote mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu ya hii kazi. Kuna mahali mzuri mle ndani. Sauti ya Halford inaiva, na Tipton na Downing wanapiga solo za kufanya ushike kichwa. Lakini unangoja. Unangoja nyundo igonge, na badala yake unaletewa violini. Ni kama kwenda base kununua smokie pasua, halafu jamaa anakuletea kwanza menyu ya kurasa nane.

Sitaki tuwaonee lakini. Bendi yenye miaka karibu 40 kwa gemu kujaribu kitu kikubwa hivyo, hiyo ni roho. Wengine wa rika lao walikuwa wanazunguka wakiuza tu ngoma za zamani. Ila mwaka uliofuata, 2009, Priest walienda ziara Marekani wakipiga British Steel yote kwa steji, kusherehekea miaka 30 iliyokuwa inakaribia, na ungeona penye roho za mashabiki zilikuwa.

Halafu kukawa na ngori. Mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba K.K. Downing ameondoka, msee mwenye alikuwa ndani tangu mwanzo mwanzo. Ziara ya Epitaph ilikuwa imeshapangwa, na ilikuwa inauzwa kama ziara kubwa ya mwisho. Wengi tungekunja virago hapo. Wao walimchukua Richie Faulkner, kijana wa London aliyezaliwa Januari 1980, yaani miezi michache kabla British Steel itoke. Mara ya kwanza watu wengi kumwona na bendi ilikuwa fainali ya American Idol, Mei 2011, kwa televisheni, mbele ya mamilioni. Hakutetemeka.

Faulkner ndiye aliwasha moto tena, na hapa narudia kitu nimeamini baada ya kuskiza hizi albamu kwa mfululizo: msee aliyekua akiwa shabiki anajua kitu wenye bendi wamesahau. Anajua ni sehemu gani ya ngoma ilimfanya anunue gitaa. Hana haja na dakika 13 za dubwana. Mwaka wa 2014 walitoa Redeemer of Souls, ngoma fupi fupi, rifu mbele. Ilifika namba 6 kwa chati ya Billboard 200, mara yao ya kwanza kuingia kumi bora Marekani baada ya miaka 40 ya kurekodi. Nia ilikuwa sawa. Tatizo ni sauti. Ukiiweka karibu na Painkiller, dramu ni nyembamba na gitaa zimekaa kama zimefunikwa na blanketi. Nyundo ilikuwa imerudi, lakini ya plastiki.

Kwa hivyo walipoanza kupanga albamu iliyofuata, walifanya kitu cha akili sana. Walimrudisha Tom Allom, yule mzee wa British Steel, aliyekuwa hajafanya nao albamu ya studio tangu Ram It Down ya 1988. Karibu naye wakamweka Andy Sneap, prodyuza wa kizazi kingine, mpiga gitaa aliyetoka kwa bendi ya Sabbat, ambaye alikuwa ameshafanya kazi na Megadeth, Exodus na Arch Enemy, na mwaka wa 2010 aliwasaidia Wajerumani wa Accept kufufuka na Blood of the Nations. Ukitaka kujua Sneap anafanya nini, skiza hiyo ya Accept kwanza: kila kitu kiko mbele ya uso wako na bado hakuna kinachogongana.

Wazee wawili wa meza moja, mmoja anajua bendi ilikuwa nani, mwingine anajua masikio ya leo yanataka nini. Na kitu kingine: waliingia chumba kimoja wakapiga pamoja. Inaonekana ni kitu kidogo, lakini siku hizi bendi nyingi kubwa kila mtu anarekodi kivyake, mpiga dramu Jumatatu, besi Alhamisi, halafu kompyuta inaunganisha. Ukipiga pamoja, mpiga gitaa anamwangalia mpiga dramu usoni, na ngoma inasonga mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo kama mtu anayepumua. Sikio lako halijui ni kwa nini linapenda, ila linapenda.

Firepower ilitoka tarehe 9 Machi 2018. Ngoma 14, dakika 58 hivi, karibu nusu ya Nostradamus. Zote ziliandikwa na Halford, Tipton na Faulkner. Ngoma yenye jina la albamu inafungua na haina salamu. "Lightning Strike" ndiyo walitangulia kuitoa Januari, na ndani ya sekunde chache umeshajua ni akina nani. "No Surrender" haifiki hata dakika 3. Fikiria: kutoka dakika 13 za dubwana hadi ngoma inayoisha kabla chai ipoe. Halford alikuwa na miaka 66, na alifanya kitu cha busara na koo lake: hakukimbizana na yale mayowe ya 1990 kila mstari. Anakaa katikati, sauti nzito yenye uzito wa mzee anayejua anachosema, halafu mayowe anayaweka penye yatauma.

Si albamu kamili. Ngoma 14 ni mingi. Mimi ningetoa tatu za katikati na hungelia. Lakini ile ya mwisho, "Sea of Red", ya polepole, usiiruke, juu inakuonyesha kwamba kuwa wa moja kwa moja si lazima uwe na haraka. Inajengwa na vitu vichache, kila kimoja mahali pake.

Watu waliipokea aje? Namba 5 Uingereza na namba 5 Marekani. Kwa upande wa Marekani, hiyo ndiyo nafasi ya juu zaidi wamewahi kushika, wakiwa na karibu miaka 50 tangu bendi ianze.

Sasa tuongee kuhusu Glenn Tipton.

Februari 2018, wiki chache tu kabla albamu itoke, bendi ilitangaza kwamba Tipton ana ugonjwa wa Parkinson, na kwamba aliambiwa na madaktari takriban miaka 10 iliyokuwa imepita. Piga hesabu. Hiyo ni miaka ya Nostradamus. Kumaanisha ziara zote zile, kuondoka kwa Downing, kumkaribisha Faulkner, Redeemer, na kurekodi Firepower, mzee alikuwa anabeba hiyo kitu ndani. Kama hujawahi kumwona mtu mwenye Parkinson, ni ugonjwa wa ubongo unaoharibu venye mwili unaamriwa kusonga: mikono inatetemeka, misuli inakaza, kitu ulikuwa unafanya bila kufikiria kinakuwa kazi. Kwa mpiga gitaa wa metali, ambaye mkono wa kulia unachapa nyuzi kwa kasi ya cherehani na vidole vya kushoto vinakimbia kama panya, huo ni ugonjwa unaokuja moja kwa moja kwa kitambulisho chako.

Na hapa ndio nataka uskize albamu tena ukijua hivyo. Watu hudhani kurudi kwa muziki mfupi na wa moja kwa moja ni kurudi kwa kitu rahisi. Ni kinyume. Kwa Nostradamus ungeweza kujificha nyuma ya okestra, hakuna mtu angejua. Kwa ngoma ya dakika 3, yenye gitaa mbili na dramu, kila noti iko uchi. Tipton alichagua muziki usio na mahali pa kujificha wakati alikuwa na sababu zote za kujificha.

Ziara hangeweza kuifanya yote. Tangazo lilisema bado anaweza kupiga baadhi ya ngoma, ila zile ngumu zimemshinda. Alibaki memba wa bendi, na Andy Sneap, prodyuza mwenyewe, akachukua gitaa akapanda steji kwa niaba yake. Machi hiyo hiyo, bendi ikiwa New Jersey, mwisho wa shoo, Tipton alitoka nyuma na gitaa yake akapiga ngoma za mwisho nao. Hilo likawa desturi: akijiskia fiti, anatoka mwishoni. Video ziko mtandaoni, tafuta. Tazama watu wazima wenye ndevu na tatuu wakilia kama watoto. Baadaye jina lake likawekwa kwa mfuko wa kuchangia tiba na utafiti wa Parkinson, the Glenn Tipton Parkinson's Foundation.

Ungedhani mambo yangetulia baada ya hapo. Wapi. Septemba 2021, kwa tamasha la Louder Than Life huko Louisville, Kentucky, Faulkner alikuwa anapiga solo ya "Painkiller" wakati mshipa mkubwa unaotoka kwa moyo ulipasuka ndani ya kifua chake. Alimaliza ngoma. Ngoma yenye jina linalomaanisha dawa ya maumivu, na jamaa anaimaliza damu ikimwagika ndani. Hospitali ya moyo ilikuwa karibu, akafanyiwa upasuaji wa masaa kama 10, akapona. Mwaka huo huo Halford alifichua kwamba alikuwa amepigana na saratani ya tezi dume.

Halafu Januari 2022 wakafanya kituko. Walitangaza kwamba wataendelea wakiwa wanne, bila Sneap, yaani gitaa moja kwa steji. Mashabiki waliwaka, na haki yao, juu Priest bila gitaa mbili ni chapati bila maji moto: unga tu. Siku chache baadaye walibadilisha nia na Sneap akarudi. Wazee lakini wanaskia wakiambiwa. Novemba ya mwaka huo waliingizwa Rock and Roll Hall of Fame kwa tuzo ya Musical Excellence, na Downing akasimama nao steji moja tena usiku huo.

Albamu iliyofuata, Invincible Shield, ilitoka Machi 2024, Sneap akiwa prodyuza. Ilifika namba 2 Uingereza, juu kuliko zote zao za nyuma huko kwao. Inafuata njia ya Firepower lakini ina mikunjo zaidi, solo ni ndefu, na ngoma ya kwanza, "Panic Attack", inafungua kwa sauti inayokukumbusha Turbo. Nilicheka nikiiskia. Walikuwa wametosha kujiamini hadi wakaweza kukonyeza ile albamu iliyowaletea matusi.

Ukitaka kuanza, usianze na 1974. Anza na Firepower, weka hefoni, ongeza sauti kuliko venye mathe angependa, na uende hadi "No Surrender". Ukijipata umerudisha nyuma, hamia British Steel, halafu Painkiller, halafu Invincible Shield. Ukiwa na Jumapili nzima haina kazi, jaribu Nostradamus. Na kama kelele ya wazee imekuingia na unataka ya karibu na nyumbani, tafuta Last Year's Tragedy wa hapa Nairobi, au Duma, ambao albamu yao ya 2020 ilitoka kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hao wa pili si Priest hata kidogo, ni wazimu wa aina ingine, nimekuonya.

Na hiyo video ya Tipton: mwangalie mkono wa kulia, halafu mwangalie Faulkner, venye anasogea karibu naye na kumwachia nafasi ya mbele.